Kuchagua kamshafti kali kwa gari la kila siku: mfano wa Toyota 4A-GE

Kamshafti ndiyo inayoamua valvu ifunguke lini, inyanyuke kiasi gani na ijifunge lini. Ukiibadilisha umegusa kila kitu: sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta), unywaji wa mafuta, wepesi wa kuondoka kwenye mataa, hata uzito wa pedali ya breki. Watu wengi huichagua kwa mlio, kwa sababu kamshafti kubwa huifanya injini ingurume kwa vishindo gari likiwa limesimama, na mlio huo unavutia kweli. Lakini gari linalokwenda kazini kila siku kupitia foleni ya Barabara ya Mandela au Mombasa Road linataka hesabu. Msimamo wetu ni huu: chukua kamshafti ndogo kuliko zote zinazofikia mizunguko unayoitumia kweli, hata kama kubwa zaidi inaingia bila shida kwenye hedi, yaani kichwa cha injini kinachobeba valvu.

Mfano wetu ni 4A-GE ya valvu 16, injini ya cc 1,587 iliyotoka mwaka 1983 kwenye Corolla Levin na Sprinter Trueno za AE86, baadaye ikaingia kwenye Corolla za AE92. Kamshafti zake zipo nyingi sokoni, zinazojulikana zaidi zikiwa za HKS, TRD na Tomei za Japani. Injini hii ina kamshafti mbili, ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi, na kila moja ina puli yake, kwa hiyo unaweza kuirekebisha moja bila kuigusa nyingine.

Mwenye 4A-FE, 5A-FE au 7A-FE, yaani Corolla na Carina nyingi za barabarani kwetu, asome pia, ila asinunue kamshafti za 4A-GE akidhani zitaingia. Kwenye hizo FE mkanda wa taimingi huzungusha kamshafti moja tu, na hiyo huizungusha ya pili kwa gia ndani ya hedi. Njia iliyobaki kwake ni kusaga upya nundu (vile vivimbe vinavyosukuma valvu) za kamshafti zile zile, na faida yake ni ndogo, maana hedi ya FE ilichorwa kwa ajili ya kubana mafuta na kutoa nguvu za chini. Mwenye 4A-GE ya valvu 20 naye ana hedi tofauti kabisa, ya valvu tano kila silinda, na kamshafti yake ya kuingiza hewa hujisogeza yenyewe. Za valvu 16 hazimhusu.

Anzia kwenye sindano ya RPM

Kwa wiki moja ya kawaida, angalia sindano ya RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, inakaa wapi. Kwenye foleni gari dogo huzunguka kati ya 800 na 2,500. Kwenye barabara kuu, AE92 yenye gia ya tano ya 0.815, difu ya 4.312 na tairi za 185/60R14 huwa kwenye 3,200 hivi ukienda kilomita 100 kwa saa. Ukirudi gia ya tatu kwa kilomita 80 ili ulipite lori, unafika kama 4,150. Maana yake ni kwamba muda mwingi gari hilo liko chini ya 4,200, wakati 4A-GE ya kiwandani tayari ina torki yake kubwa kabisa, yaani nguvu ya kuzungusha, karibu na 5,000. Hii si injini inayolalamika kukosa nguvu za juu. Ukiipa kamshafti inayoamka kwenye 4,500, umeipeleka nguvu mbali zaidi na pale unapoihitaji.

Kama safari zako nyingi ni za mjini na gari ni la automatiki, ishia hapa. Tumia hela kwenye plagi, mkanda mpya, kusafisha injekta na ekzosi inayopumua vizuri. Automatiki inataka sailensa tulivu na torki ya chini, vitu viwili ambavyo kamshafti kubwa huvila kwanza.

Kuisoma karatasi ya kamshafti

Kamshafti ya maana huja na karatasi yake. Isiyo na karatasi usiinunue, maana hutakuwa na njia ya kuifunga sawasawa.

Namba ya kwanza ni muda wa kufunguka, unaohesabiwa kwa digrii za krenki. Ya kiwandani ya 4A-GE ni karibu 240. Za kubadilisha huanzia 256, kisha 264, 272, 288 na kuendelea. Hapa ndipo watu hudanganyika. Mtengenezaji mmoja huanza kuhesabu valvu ikinyanyuka kidogo sana, mwingine husubiri ifike milimita 1, na Wamarekani hutumia inchi 0.050, yaani milimita 1.27. Kamshafti ile ile ikiandikwa 264 kwa kipimo cha kwanza inaweza kupungua digrii 30 au zaidi kwa hivyo vingine. Usilinganishe kamshafti mbili mpaka ujue zimepimwa kwa kipimo kimoja.

Namba ya pili ni mnyanyuko wa valvu. Ya kiwandani iko chini ya milimita 8. Hii tutairudia kwenye shimu, yaani visahani vya chuma vinavyopanga nafasi ndogo kati ya nundu na valvu, kwa sababu kwenye hedi hii ndiyo inayoamua kama kazi itakuwa rahisi au itakula mshahara.

Namba ya tatu ni senta ya nundu: digrii ngapi kutoka pistoni ikiwa juu kabisa hadi valvu ikiwa wazi kabisa. Kwa kawaida ni kati ya 105 na 115. Ukiwa na muda na senta, unaweza kukokotoa mwenyewe jambo linaloharibu sailensa kuliko yote, yaani ule mwingiliano ambapo valvu za kuingiza na za moshi ziko wazi kwa pamoja. Jumlisha muda wa kuingiza na wa moshi, gawa kwa 2, kisha toa jumla ya senta zote mbili. Tuchukue senta za 110 na 110. Kamshafti ya 240 ina mwingiliano wa digrii 20. Ya 256 ina 36, ya 264 ina 44, ya 272 ina 52, na ya 288 ina 68, zaidi ya mara tatu ya kiwandani. Katika sailensa moshi hurudi nyuma kuingia kwenye manifoldi ya kuingiza hewa, unachanganyika na hewa mpya, na injini inaanza kutetemeka na kunuka petroli.

Hesabu inayoamua: kompresheni inayobaki

Hili ndilo jambo tunalotaka msomaji alitazame kwa makini, kwa sababu wauzaji wengi hawaligusi. Valvu ya kuingiza haifungwi pistoni ikifika chini. Hubaki wazi wakati pistoni imeshaanza kupanda, na hewa iliyoingia hurudishwa nje mpaka valvu ifungwe. Kompresheni ya kweli huanza hapo. Kamshafti ikiwa ndefu zaidi, valvu hufungwa kwa kuchelewa zaidi, na kwenye mizunguko ya chini unapoteza kompresheni. Kwenye mizunguko ya juu mwendo wa hewa wenyewe huendelea kujaza silinda, ndiyo maana nguvu huhamia huko.

Kwa senta ya 110, valvu ya kamshafti ya 240 hufungwa digrii 50 baada ya pistoni kuwa chini kabisa. Ya 256 hufungwa kwenye 58, ya 264 kwenye 62, ya 272 kwenye 66, ya 288 kwenye 74. Tukiweka vipimo vya 4A-GE, yaani mwendo wa pistoni wa milimita 77 na koni rodi ya milimita 122, tunapata makadirio haya. Injini za mwanzo zenye kompresheni ya 9.4 (yaani silinda hubana hewa mara 9.4) hubaki na 8.3 kwa kamshafti ya kiwandani, 7.9 kwa 256, 7.7 kwa 264, 7.5 kwa 272 na 7.0 kwa 288. Zile za baadaye zenye milango midogo ya hewa na kompresheni ya 10.3 hubaki na 9.1, 8.65, 8.4, 8.2 na 7.6.

Tazama namba hizo kwa jicho la mnunuzi. Injini ya 10.3 yenye kamshafti ya 264 bado inabana vizuri kuliko injini ya 9.4 ikiwa na kamshafti yake ya kiwandani. Injini ya 9.4 yenye 272 imeshuka vibaya, na ukiondoka kwenye mataa utaisikia. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji au fundi si la kamshafti ipi ina nguvu. Ni la injini yako: ina kompresheni gani? Za mwanzo utazitambua kwa milango mikubwa na mfumo wa TVIS, ule wa vipepeo vinavyofunga nusu ya milango ya hewa kwenye mizunguko ya chini.

Wa Nairobi aongeze jambo moja. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa au Dar es Salaam. Injini tayari inavuta hewa nyepesi, na kamshafti inayopunguza mbano zaidi inaonekana butu mapema kuliko ingekuwa Pwani. Ukiwa kati ya namba mbili na unakaa nyanda za juu, chukua ndogo.

Uamuzi

Kwa injini ya 9.4, ya kila siku, yenye kompyuta ya kiwandani: 256 kwa kamshafti zote mbili, mnyanyuko usiozidi milimita 8 na kitu. Sailensa inabaki karibu na ya kawaida, na injini inavuta kwa uhuru zaidi kuanzia 4,500 hadi mwisho wa sindano, karibu 7,500. Usitarajie miujiza. Kwenye injini nzima utapata nguvu za farasi kati ya 5 na 10 hivi upande wa juu, na utahisi zaidi jinsi inavyoendelea kuvuta pale ilipokuwa inachoka.

Kwa injini ya 10.3 yenye kompyuta inayoweza kupangwa: 264 ndiyo mpaka wa gari la kila siku. Kuna wanaoweka 264 upande wa kuingiza na 256 upande wa moshi ili kupunguza mwingiliano. Ni mpango mzuri, mwingiliano unashuka hadi 40 kwa senta zile zile.

272 na kuendelea ni za mashindano na za gari la wikendi. Zinataka pistoni za kompresheni kubwa, springi ngumu, kompyuta mpya, na mara nyingi gia fupi. Mtu akikuuzia 288 kwa gari la kupeleka watoto shule, muache nayo.

Kompyuta ya injini inaonaje

4A-GE kulingana na soko na mwaka hupima hewa kwa njia mbili. Baadhi zina kipimo cha mlango unaosukumwa na hewa, nyingine zina sensa ya MAP inayosoma vakyumu (mvuto wa hewa) ya manifoldi. Zote zinasumbuliwa na mwingiliano mkubwa, lakini kwa njia tofauti.

Yenye MAP inadhani vakyumu ikipungua basi injini imebeba mzigo. Kwa hiyo kamshafti ikipunguza vakyumu ya sailensa, kompyuta inaongeza petroli na kurudisha moto (wakati wa cheche za plagi) nyuma wakati gari limesimama tu. Plagi zinakuwa nyeusi, sailensa inapanda na kushuka, gari linazima ukikaribia taa nyekundu. Yenye mlango nayo husukwasukwa na mapigo ya hewa inayorudi, mlango unatikisika na kompyuta haijui isome nini. Kwa kamshafti za 256 mifumo yote miwili huvumilia. Kwa 264 utahitaji kupanga upya petroli na moto, kwa kompyuta ya ziada au nyingine kabisa, na fundi mwenye kipimo cha hewa na mafuta kwenye ekzosi. Kupanga kwa kusikiliza mlio hakutoshi.

Nunua geji ya vakyumu, ni ya bei ndogo. Pima kabla hujagusa kitu na uandike. Injini nzima usawa wa bahari husoma inchi 18 hadi 20 za zebaki kwenye sailensa. Ikishuka chini ya 15 hivi baada ya kufunga, busta ya breki, inayotumia vakyumu hiyo kukusaidia kukanyaga, inaanza kukosa msaada, hasa ukikanyaga mara mbili tatu mfululizo kwenye mteremko. Hilo si jambo la kuzoea. Ongeza mwendo wa sailensa kidogo, rekebisha senta, au rudi kwenye kamshafti ndogo.

Shimu, tapeti na springi

Kwenye 4A-GE ya kiwandani shimu hukaa juu ya tapeti (kikombe kinachosukuma valvu), na nundu husugua shimu moja kwa moja. Ni mpango mzuri kwa matengenezo kwa sababu shimu hubadilishwa bila kung'oa kamshafti. Ubaya wake ni kwamba nundu yenye mnyanyuko mkubwa na mpando mkali hugusa karibu na ukingo wa shimu. Ikivuka ukingo kwenye mizunguko ya juu, huitupa shimu nje. Shimu ikitoka kwenye 7,000, huvunja tapeti, hupasua nyumba yake kwenye hedi na mara nyingine hukata kamshafti. Ukikaribia milimita 8.5 za mnyanyuko, badili kwenda tapeti zenye shimu upande wa chini. Hizo ni nyepesi na salama, lakini kila ukirekebisha nafasi lazima kamshafti itoke.

Springi za kiwandani zinatosha kwa 256 kama ni nzima na hutapandisha kikomo cha mizunguko. Springi ya miaka 30 imechoka, pima urefu wake ikiwa huru na unyoofu wake, na badilisha zote 16 ikiwa hata moja ni fupi. Kwa mnyanyuko mkubwa hakikisha koili hazigusani: valvu ikiwa wazi kabisa, jumla ya nafasi kati ya koili isipungue milimita 1.

Za kusagwa upya na za mtumba

Kusaga upya ni kuondoa chuma upande wa mgongo wa nundu, mahali pa duara, ili tofauti kati ya duara na ncha iongezeke. Kila milimita inayoondolewa kwenye duara inataka shimu nene zaidi kwa kiasi hicho hicho, na shimu nene ikichomoza juu ya tapeti ndiyo inayoruka kwa urahisi. Pia ngozi ngumu ya nundu ni nyembamba. Ikisagwa ikaisha na shafti isitibiwe tena, nundu zitaliwa. Muulize msagaji mambo mawili: ameondoa kiasi gani, na ameitibu vipi baada ya kusaga. Akisitasita, tafuta mwingine.

Ya mtumba ipime kwa maikromita. Chukua urefu wa nundu, toa kipenyo cha duara, unapata mnyanyuko. Ikiwa urefu ni 36.0 na duara 28.0, mnyanyuko ni milimita 8.0. Ondoa nafasi ya valvu ya 0.20, valvu yenyewe itanyanyuka 7.8. Pima nundu zote nane za kila shafti. Moja ikiwa fupi kuliko wenzake kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita, imeliwa. Ipitishe kucha juu ya ncha, ukihisi vishimo, iache hapo.

Kabla ya kununua chochote, pima kompresheni

Injini moto, plagi zote nje, throtoli wazi kabisa. Usawa wa bahari 4A-GE nzima iko karibu na psi 180. Chini ya 140, au tofauti ya zaidi ya psi 14 kati ya silinda na silinda, hela yako iende kwenye ovaholi kwanza. Wa nyanda za juu akumbuke kwamba geji itasoma chini kwa sababu ya hewa nyepesi, kwa hiyo tofauti kati ya silinda ina uzito zaidi kuliko namba yenyewe.

Kufunga

Fungia injini baridi. Badilisha mkanda wa taimingi, tensheni, sili za mbele za kamshafti na gasketi za vifuniko kwa pamoja, maana vyote viko wazi mbele yako. Ongeza puli mbili za kurekebishika. Bila hizo huwezi kuipata senta iliyoandikwa kwenye karatasi, hasa kama hedi iliwahi kupigwa fesi, yaani kusagwa uso wake wa chini.

Weka silinda ya kwanza juu kabisa, alama zikutane, kisha legeza tensheni na utoe mkanda. Kofia za kamshafti zina alama na mshale. Zipange mezani kwa mpangilio wake, usizichanganye, kwa sababu kila moja ilichongwa na hedi hiyo hiyo. Legeza boliti kidogo kidogo kwa zamu, kuanzia pembeni kuelekea katikati. Ukifungua upande mmoja wote, springi za upande wa pili zinaikunja shafti na inaweza kukatika mikononi mwako.

Safisha shimu na tapeti, kila moja irudi tundu lake. Paka grisi ya molibdeni kwenye nundu na oili kwenye shingo za shafti zinazozunguka chini ya kofia. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa mizunguko mitatu, mpaka Nm 13. Ni kidogo kuliko mkono wa kawaida unavyodhani, na nyuzi za alumini zikitoka hapo ni kazi ya kuchonga upya. Tumia spana ya torki.

Sasa nafasi za valvu. Kwa kamshafti ya kiwandani ni 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza na 0.20 hadi 0.30 upande wa moshi, injini ikiwa baridi. Kwa kamshafti mpya fuata karatasi yake. Hesabu ni: shimu ya zamani, jumlisha nafasi uliyopima, toa nafasi unayotaka. Fila geji ikisoma 0.34 na unataka 0.20 kwenye shimu ya 2.60, unahitaji 2.74. Shimu huja kwa hatua za 0.05, chukua 2.75 na nafasi itakuwa 0.19. Andika zote 16 kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani, kwa sababu mara nyingi shimu ya silinda moja inafaa silinda nyingine na utanunua chache.

Kutafuta senta ndiko kunakotenganisha kazi ya uhakika na ya kubahatisha. Funga gurudumu la digrii kwenye krenki na daili geji juu ya tapeti ya kuingiza ya silinda ya kwanza. Tafuta juu kabisa kwa kizuizi cha pistoni kwenye tundu la plagi, si kwa bisibisi na jicho. Zungusha krenki kwa mwelekeo wake mpaka valvu ibakize milimita 1 kufika wazi kabisa, andika digrii. Endelea mpaka ipite na kurudi milimita 1, andika tena. Ukipata 82 na 138, jumlisha na ugawe kwa 2: senta ni 110. Ikiwa si ile ya kwenye karatasi, legeza puli na usogeze, ukikumbuka kwamba digrii 1 ya kamshafti ni digrii 2 za krenki. Kwa gari la kila siku unaweza kuiwahisha ya kuingiza digrii 2 hadi 4 za krenki. Valvu itafungwa mapema na utarudishiwa kompresheni kidogo ya chini.

Lakini kuiwahisha kunaisogeza valvu karibu na pistoni, kwa hiyo pima nafasi. 4A-GE ya valvu 16 kwa kawaida haiharibu valvu mkanda ukikatika, na watu huizoea huruma hiyo. Kamshafti kubwa inaiondoa. Pachika udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni hedi ikiwa nje, au tumia springi laini na daili geji kuisukuma valvu mpaka iguse, kuanzia digrii 15 kabla hadi 15 baada ya juu kabisa. Valvu ya kuingiza ibaki na angalau milimita 1.5, ya moshi milimita 2.

Zungusha krenki kwa mkono mara mbili kamili kabla ya kuwasha. Ikikwama popote, simama, usilazimishe kwa spana ndefu.

Kuwasha mara ya kwanza na baada ya hapo

Chomoa umeme wa injekta, piga stata mpaka taa ya oili izime, kisha rudisha. Ikiwaka, usiiache kwenye sailensa. Ipandishe 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 15 hadi 20, ukibadilisha mwendo kidogo kidogo, ili nundu na shimu zizoeane zikiwa na oili ya kutosha. Kisha unganisha T na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi na uweke moto digrii 10 kabla ya juu kabisa. Usiruke hatua hii: distributa inaendeshwa na kamshafti, kwa hiyo ulipogusa puli ulihamisha moto pia.

Ikitetemeka na geji ya vakyumu ikiwa chini na imetulia, angalia senta kwanza. Sindano ikirukaruka kwa mpigo, kuna valvu isiyofunga, mara nyingi shimu iliyobana. Gari likiwa butu chini na halichangamki hata juu, mkanda umeruka jino. Mlio wa tik-tik ni nafasi kubwa mno ya valvu au shimu isiyokaa sawa, zima na ufungue kifuniko.

Badilisha oili na filta kwenye kilomita 500. Kwenye kilomita 1,000 pima nafasi zote 16 tena, injini baridi, na ulinganishe na karatasi yako. Tofauti ya 0.02 au 0.03 kila mahali ni ya kawaida. Nafasi iliyokua kwa valvu moja tu ina maana nundu au shimu yake inaliwa: ng'oa uone kabla chuma hakijasambaa kwenye oili. Iliyopungua ina maana valvu inazama kwenye kiti chake, na hapo ni suala la hedi, kamshafti haina kosa.